Baba Alitoka Kinyumenyume

Miaka yote niliyofundisha saikolojia katika chuo cha walimu, wanafunzi wangu walikariri mikabala ya kueleza tabia ya binadamu jinsi watoto wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Huyu anasema tabia hutoka mwilini, yule anasema hutoka utotoni, mwingine anasema ni zawadi na adhabu tu, mwingine anasema ni fikra. Mimi sikuhitaji kukariri. Wote hao niliwaona kwa macho yangu wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya siku za ukoloni, wakimzunguka mtu mmoja aliyekuwa akitoka nyumbani kwake kinyumenyume. Mtu huyo alikuwa baba yangu.

Serikali ilikuwa imetung'oa kwenye mashamba yetu, upande wa juu wa Kanja, huko Embu, na kutukusanya katika kijiji kimoja chenye handaki pande zote, vijiti vilivyochongwa ndani ya handaki, na lango moja. Nyumba zilipangwa kwa mistari, milango ikitazamana, kwa sababu mtu fulani ofisini alikuwa amechora hivyo kwa rula. Rula haijui ukoo. Mlango wetu ukajikuta unatazamana na mlango wa cucu, yaani bibi yangu mzaa mama, na njia iliyokuwa katikati ilikuwa nyembamba hivi kwamba mbuzi wawili wasingepishana bila kusuguana.

Asiyewajua watu wetu atauliza ubaya uko wapi. Ubaya ni nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani kana kwamba ameona nyoka. Haingii nyumbani kwake, hali mbele yake, hamgusi hata kwa bahati mbaya. Si chuki, ni heshima, tena heshima nzito ya kuchosha mtu. Zamani cucu aliishi ng'ambo ya mto, na mto ndio uliofanya kazi yote hiyo kwa niaba yetu. Sasa mto tulikuwa tumeuacha nyuma.

Miezi ya kwanza waliokolewa na kikohozi. Cucu alikohoa kabla ya kutoka, baba akangoja ndani. Baba alikohoa, cucu akangoja. Asubuhi mstari wetu ulisikika kama wodi ya kifua kikuu, lakini mambo yalikwenda.

Kisha jirani yetu wa mkono wa kushoto akatolewa kwenye foleni ya kazi na kupakiwa kwenye lori. Asubuhi ile alikuwa ametoka kwake akimfokea mkewe juu ya uji ulioungua. Hakurudi, wala hatukuambiwa alipelekwa wapi. Ilikuwa majira hayohayo, mvua zikielekea kwisha, ndipo baba alipoanza kutoka kinyumenyume.

Ngoja nieleze alivyofanya, maana hata leo nikikumbuka nacheka. Filimbi ya kuwaita watu kwenda kuchimba handaki ilipolia, baba alivaa kofia yake, akaupa mlango mgongo, akashika miimo kwa mikono miwili, akainama kwa ajili ya paa la nyasi, na kutanguliza makalio nje. Suruali yake ilikuwa na viraka viwili vya gunia, na hivyo ndivyo ulimwengu ulivyomwona kwanza kila siku. Alipapasa ardhi kwa kisigino kama mtu anayeingia mtoni. Macho yake yalibaki ndani, yakituangalia mimi na mama na wadogo zangu, mpaka alipofika katikati ya njia. Hapo aligeuka na kwenda zake kama mtu mwingine yeyote.

"Unatuangalia nini?" mama alimuuliza siku za mwanzo. "Kwani tuko mnadani?"

"Ninatoka tu," baba alisema.

"Watu hawatoki hivyo."

"Mimi ndivyo ninavyotoka."

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kama anayetoa jino.

Pengine tungemzoea. Lakini nyuma ya nyumba yetu, mbali kidogo, palikuwa na msitu wa mlima, na mwanamume anayetoka kinyumenyume akitazama nyumba yake anatazama pia msitu. Askari wa mnarani aliliona hilo. Akaripoti kwamba kuna mzee anayewapa ishara watu waliokuwa wakipigana na serikali kutoka msituni, kila asubuhi, kwa kutumia makalio.

Tukaitwa mbele ya bwana ofisa wa tarafa, mzungu kijana aliyeungua pua kwa jua. Karani wake, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani, alitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri hata tulikuwa tunakielewa kwa shida. Mkuu wa homugadi, yaani wale watu wetu waliopewa bunduki na serikali watulinde dhidi ya watu wetu wengine, alisimama kando.

"Huyu mzee natoka nyuma nyuma kila siku, bwana," mkuu wa homugadi alisema. "Mimi mwenyewe nimeona."

Bwana ofisa akafikiri, kisha akatoa uamuzi uliomfanya mama ashike kichwa. "Kama huyu iko na akili," alisema, "basi hii ni ishara, takwenda kizuizini. Kama hana akili, takwenda Nairobi, hospitali ya wazimu. Mwisho wa mwezi daktari nakuja, tasema ni gani."

Mama akauliza kama hakuna mahali pa tatu.

"Mama huyu auliza, bwana, iwapo pana mahali pa tatu," karani akatafsiri.

Bwana ofisa alitazama juu, akatafuta kwa uaminifu kabisa, kisha akasema hapana. Mtu alikuwa na akili au hakuwa nazo, na kila upande ulikuwa na lori lake.

Unaweza kudhani baba aliacha siku hiyohiyo. Mama alimsihi apige magoti. Mimi nilimfokea, na kwetu msichana mkubwa hamfokei baba yake, lakini nilikuwa na hasira za karibu na hofu iliniongezea nyingine. Baba alitusikiliza mpaka tukamaliza. Asubuhi yake filimbi ikalia, na makalio yakatangulia.

Ndipo wataalamu wakaanza kazi. Nawaita wataalamu kwa sababu baadaye nilikuta nadharia zao kwenye vitabu, zikiwa zimevaa tai.

Wa kwanza alikuwa mkuu wa homugadi. Kabla ya Imajensi alikuwa akifundisha maksai kuvuta jembe, na aliamini kwamba hakuna tofauti kubwa. Hakujali baba alifikiri nini wala alihisi nini. "Ndani ya mtu hakuna kitu," alituambia. "Mtu ni ile anafanya. Akikosea piga, akipata mpe chumvi." Siku zile chumvi ilikuwa haionekani, tulikula githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kama tunakula kokoto. Akaja kukaa mlangoni petu, kiboko mkono mmoja, kikopo cha chumvi mkono wa pili.

Baba alielewa haraka kuliko maksai. Alitoka uso mbele, akakinga mkono, akapewa chumvi. Akairudisha ndani kwa mama, kama baba yeyote mwenye watoto. Kisha akatoka tena, kinyumenyume, akachapwa kiboko kimoja mgongoni, akaenda kazini. Kesho yake vilevile. Mkuu wa homugadi alishangaa, kwa sababu kila siku alifaulu na kila siku alishindwa. Baada ya muda alianza kuja asubuhi na mapema, akagonga mlango yeye mwenyewe, akaulizia kama tumeamka, na chumvi tayari mkononi. Mama alisema sasa haijulikani ni nani anafundishwa. Kibuyu chetu kidogo kilijaa chumvi hadi shingoni.

Wa pili alikuwa dresa wa zahanati, yule wa kufunga vidonda. Yeye alisema kila tabia ina chanzo mwilini, ni damu, ni neva, na mara nyingi ni minyoo. Akamfunua baba kope, akamgonga goti kwa mpini wa panga, akampima kichwa kwa uzi wa kushonea magunia na kukiona kirefu kwa nyuma, jambo lililoeleza kwa nini kilimvuta kuelekea huko. Akamnywesha chumvi ya haluli, kikombe kizima. Siku hiyo baba alitoka kinyumenyume mara nyingi sana, tena mbio, lakini dresa alikataa kuyaita maendeleo.

Wa tatu alikuwa karani. Huyu alikuwa mpole, na alituambia kwamba wenzake wawili wamemdharau mwanadamu. Binadamu hufuata picha aliyonayo akilini. Kwa maoni yake, akilini mwa baba mbele na nyuma zilikuwa zimebadilishana makazi. Akaja na kiberiti kuthibitisha.

"Ewe mzee, tafadhali kiweke kiberiti hiki mbele."

Baba, mtu wa adabu, akakiweka mbele ya mgeni.

"Mwaona!" karani akasema, akamtazama mama kwa huruma. "Mbele yake iko kwangu."

Mwezi ulikuwa unakwisha. Mama alikuwa ameanza kumfungia baba kifurushi, shuka na kikombe cha bati, bila kujua ni cha kizuizini au cha hospitali. Alikifunga, akakifungua, akatoa kitu, akakirudisha. Usingizi ulimtoka. Nilimwona akikaa kwenye jiwe la jikoni akimtazama baba anavyokula, na nilimchukia baba kwa ukaidi wake, nasema kweli, nilimchukia kabisa.

Daktari akaja. Alikuwa mzungu mwenye upara, mwenye sauti ya chini, na heshima nyingi kuliko tulivyozoea. Yeye hakuwa na haja ya kuona mlango. Alisema mlango ni dalili tu, na kwamba sababu za mambo tunayoyafanya tumezificha sisi wenyewe tusizione, chini kabisa, tangu utotoni. Akaagiza kitanda cha turubai kitandikwe chini ya hema la bwana ofisa, baba alale chali aseme lolote linalomjia.

Baba alikuwa amechimba handaki tangu jua halijatoka. Karani hakuwa amemaliza kutafsiri baba alipoanza kukoroma.

Daktari alingoja. Akaandika. Karani akatunong'oneza kwamba mgonjwa anakwepa jambo zito. Mimi na mama tulikuwa tumeitwa kama mashahidi, tukakaa kwenye sanduku la risasi lililokuwa tupu, tukimsikiliza baba akikwepa jambo zito kwa sauti kubwa. Alipoamshwa aliulizwa alinyonya hadi lini.

"Mpaka ndugu yangu alipozaliwa," baba alisema.

"Daktari auliza, je, ulimwonea wivu nduguyo?"

"Nilimbeba mgongoni."

"Mgongoni!" Daktari akapiga mstari chini ya neno. "Na mama yako, alikuwa akikaa mbele yako au nyuma yako?"

Baba alimtazama karani aone kama ndiye anayemfanyia mzaha. Nikaona kalamu inakimbia, nikaona mambo yanavyoelekea Nairobi, na hasira ikanipanda. Nilikuwa nimesoma misheni hadi wakasema inatosha kwa msichana, na Kiingereza kidogo nilikuwa nacho. Nikasimama nikasema ni mama mkwe. Nyumba ya mama mkwe iko mbele ya mlango. Kwetu mtu haruhusiwi kumwona mama mkwe uso kwa uso, kwa hiyo anampa mgongo. Ni hayo tu. Kila mtu hapa anajua, hata huyu mkuu wa homugadi anajua, naye mama mkwe wake amepewa nyumba mstari wa mwisho kule, kwa sababu mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa akigawa nyumba.

Mkuu wa homugadi akatazama viatu vyake. "Ni kweli," alisema. "Lakini hakuna mtu aliniuliza."

Daktari alifurahi hata upara ukang'aa. Mama mkwe! Akaandika ukurasa, akageuza, akaandika mwingine. Akatangaza kwamba mzee huyu si mwendawazimu, ana desturi. Nilijiona mwerevu wa Embu nzima. Mama alilia, akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma tukapumua.

Bwana ofisa tu ndiye aliyebaki na tatizo. Nyumba hazingeweza kugeuzwa, mchoro ulikuwa umetoka juu. Cucu hakuweza kuhamishwa, namba ya nyumba ilikuwa ni ya kwake. Na askari wa mnarani angetofautishaje kati ya makalio ya heshima na makalio ya ishara? Akafikiri siku nzima. Jioni akatoa amri, na hadi leo sijapata kuona amri iliyofikiriwa kwa uangalifu zaidi ya ile. Kuanzia kesho, watu wote wa mstari wetu, pande zote mbili, watoke kinyumenyume. Wote wakitoka hivyo, haitakuwa ishara tena.

Asubuhi hiyo sitaisahau. Filimbi ikalia, na kutoka kila mlango, kushoto na kulia, makalio yakatokea. Wanawake na madebe ya maji. Wazee na majembe. Mlevi wa mstari wetu, ambaye kwa mara ya kwanza hakuonekana tofauti na wengine. Mkuu wa homugadi alitembea katikati akipaza sauti, "Nyuma! Nyuma! Usiangalie mbele!" Na katikati ya zogo hilo, ambapo hakuna kikohozi ambacho kingesikika, baba alitoka kwake kinyumenyume kwa utulivu wake wote, na cucu, mtiifu kwa serikali, alitoka kwake kinyumenyume, na wakakutana katikati ya njia, mgongo kwa mgongo, pu.

Madebe na majembe yakawekwa chini mstari mzima. Nimesema haruhusiwi kumwona. Kumgusa hakuna hata jina.

Cucu alikimbilia ndani na kujifunika shuka. Baba alisimama palepale akitetemeka, mtu ambaye kiboko hakikuwa kimemtikisa. Kwa desturi ilibidi atoe mbuzi kuondoa aibu ile, na mbuzi wetu walikuwa wameliwa na watu wa pande zote mbili za vita. Mama ndiye aliyekumbuka kibuyu cha chumvi. Akavuka njia nacho, akakiweka mbele ya mama yake. Cucu alifungua, akaonja kwa kidole, akaonja tena.

"Mwambie mume wako yameisha," alisema. "Na umwambie mimi sijaelewa. Kikohozi kilikuwa kinatutosha. Hii ya kinyumenyume ilikuwa ya nini?"

Tulicheka. Tulidhani ni uzee.

Amri ile ilidumu mpaka mama mmoja mjamzito alipoanguka na debe lake, ikafutwa kimyakimya. Baba hakupelekwa popote. Imajensi ikaisha, tukarudi kwenye shamba letu, mimi nikasoma, nikawa mwalimu wa walimu. Kwa miaka mingi nilimfundisha baba darasani. Huyu hapa mzee mmoja, niliwaambia wanafunzi, dresa alimtafuta kwenye damu, mfundisha maksai kwenye chumvi, karani kwenye fikra, daktari kwenye titi la mama yake, na wote waliukosa utamaduni uliokuwa mbele ya mlango. Walicheka, wakaandika. Ulikuwa mfano mzuri sana.

Kwenye shamba letu mlango wa baba ulitazama migomba. Cucu alikuwa amekwisha kuzikwa. Siku moja nilikuwa nimemtembelea baba, naye akataka kwenda kiwandani kupima kahawa. Akavaa kofia, akaupa mlango mgongo, akashika miimo.

"Baba," nikasema, "cucu hayuko tena."

Akasimama hapo, nusu nje nusu ndani. "Cucu anahusikaje?"

"Si ndiye uliyekuwa ukimkwepa kule kijijini?"

"Cucu tulikuwa tunakoholeana." Alinitazama kama mtu anayeeleza jambo la wazi kwa mgeni. "Unamkumbuka jirani yetu, yule wa uji? Alitoka akiwa na hasira, hakuangalia nyuma hata kidogo. Mchana tulipopanga foleni karibu na lori aliniuliza kama mtoto wake mdogo alikuwa ameamka alipotoka. Hakuwa amemwona. Alitaka mimi nimwambie."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia alikuwa ameamka." Akarekebisha kofia. "Sasa mimi nikasema, kama ni leo, nitakuwa nimewaona."

Nilimuuliza kwa nini hakusema, hata alipokaribia kupelekwa Nairobi. Alisema mama angelia kila asubuhi, na sisi tungemtazama kama mtu anayekwenda kufa, na yeye alitaka kutuona tulivyo, tukigombania uji. Kisha akatoka kwenda kupima kahawa.

Tangu siku hiyo sikumfundisha tena. Niliwapa wanafunzi mifano ya kwenye vitabu, na kila mara niliwaambia wakikutana na tabia ya ajabu waulize kwanza ilianza lini.

Baba alipozidiwa, mwaka wake wa mwisho, vijana wa ndugu zangu walikuja na machela kumpeleka hospitali. Mama alikuwa hai bado, amekaa kitandani, na nyumba ilijaa wajukuu. Vijana wakamwinua vizuri, miguu mbele, kichwa kwetu, akiutazama mlango na sisi tukiwa kisogoni. Macho yake yalikuwa yanatafuta paa.

"Mgeuzeni," nikasema.

"Shangazi, mlango ni mdogo. Hivi ni rahisi."

"Mgeuzeni, atangulize kichwa. Miguu ibaki huku."

Waliniangalia, mwalimu mzima na miwani yake. Mmoja akauliza kwa heshima kama ni desturi ya Kiembu ambayo hawajafundishwa.

Nilisema ni desturi ya nyumba hii. Wakarudi ndani, wakamgeuza, wakampandishia mto kidogo, na baba akatoka akituangalia.